Niliinyamazisha Kompyuta, Ikanisema

Leo nimevuliwa nguo mchana kweupe, na aliyenivua ni kompyuta yangu mwenyewe.

Sijaja hapa kulia. Nimekuja kujisifu. Ila mpaka mzifikie sifa zangu inabidi mpite kwenye aibu kwanza, hakuna kona ya kukatia. Kaeni vizuri.

Kwa wasionijua, mimi ni Marwa wa studio ya kurekodi kwaya hapa Mugumu, mlango wa kijani, jirani na Masanja wa pancha. Shule niliishia darasa la nne (ng'ombe wa baba walinihitaji kuliko mwalimu). Studio nimeijenga kwa mikono hii. Ukutani nimegonga trei za mayai na mablanketi, mlango nimeuvalisha godoro, na kompyuta nimeifungua mara nyingi kuliko nilivyofungua Biblia. Hakuna mtu aliyenifundisha. Hakuna! (Hiyo sentensi ishikeni. Itarudi kuniuma.)

Sasa tatizo. Kompyuta yangu ni ile ya mezani, yenye sipiyu kubwa kama debe la mahindi. Ndani yake kuna diski ngumu, ile inayotunza kazi zote, nayo inazunguka muda wote kama jiwe la kusagia. Inavuma. Nguuuuuu. Mimi nimekaa nayo miaka sita, nilishaacha kuisikia, kama mtu aliyepanga chumba jirani na mashine ya unga. Lakini maiki haizoei. Maiki inasikia kila kitu.

Jumamosi iliyopita ikaja kwaya kutoka upande wa Manchira, wakarekodi kwangu nyimbo tatu. Mwalimu wao anaitwa Wambura. Kijana mdogo tu, lakini ana masikio ya digidigi. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua hedifoni polepole kama mtu anayetoa habari za msiba.

"Mzee Marwa, tumeimba vizuri. Ila nyimbo zote tatu zina nyuki."

"Nyuki gani?"

"Nyuki. Wako chini ya sauti ya nne. Hata tukinyamaza kwenye 'Amina', wao wanaendelea."

Mwanamume mwenye busara angekiri hapo. Mimi nikamwambia, "Mwalimu, hiyo inaitwa joto la sauti. Nairobi wanaitafuta kwa tochi. Mimi nimesomea Nairobi miaka miwili, nayajua haya."

(Ndiyo. Nilisema Nairobi. Endeleeni kusoma.)

Wambura akanitazama. "Sawa. Jumamosi ijayo tunarudi. Nyuki wakiwepo, tunahamia Tarime mjini."

Hilo si jambo dogo. Hapa Mugumu, Wambura akisema studio fulani ni mbovu, kwaya zote zinainamisha vichwa na kumfuata. Wakihama wale, mimi nafunga mlango wa kijani na kurudi kuuza betri za redio sokoni. Na nilishatangaza kwa kila mtu kwamba sirudi sokoni.

Wiki nzima nikapambana na nyuki. Feni niliifuta vumbi, nikaitia tone la mafuta ya cherehani, ikawa inapumua kama mtoto mchanga. Nyuki wapo. Nikaifunika sipiyu blanketi zito. Nyuki wakapungua, lakini mashine ikapata joto mpaka ikajizima katikati ya kazi (nilimwambia mteja kwamba ndiyo mapumziko). Nikakata ndala za zamani, nikaweka vipande vinne chini yake. Meza ikatulia, nyuki wakabaki.

Halafu Alhamisi nikaegemea ile sipiyu, kiganja changu kikiwa kwenye bati la pembeni. Kelele ikashuka nusu! Nikaondoa mkono, ikarudi. Nikaweka, ikashuka. Nikaondoa. Nilicheza hivyo kama mjinga mpaka akili ikafunguka: diski yenyewe haina kelele nyingi. Inatetemesha bati, na bati ndilo linaloimba. Ni litungu letu lile lile, zeze la Wakurya! Ukizivuta zile nyuzi bila boksi lake la mti, zinanong'ona tu. Kinachozipa sauti ni lile boksi. Na diski yangu ilikuwa imekazwa kwa skrubu nne moja kwa moja kwenye boksi.

Hapo nikamkumbuka mama yangu kule Nyanungu. Alikuwa anasukasuka maziwa kwenye kibuyu alichokining'iniza kwa kamba kwenye boriti. Kibuyu kinacheza, maziwa yanapiga pwa, pwa, na mtoto amelala chini yake hashtuki. Kwa nini? Kwa sababu kibuyu hakijagusa nyumba. Mtikisiko wote unaishia kwenye kamba.

Nani mwingine Mugumu nzima angetoa jibu la kompyuta kwenye kibuyu? Nauliza tu.

Leo asubuhi na mapema nikaenda kwa Masanja. Masanja ni Msukuma, alikuja huku kufuata dhahabu Nyangoto, dhahabu ikamkimbia, sasa anaziba pancha na mdomo wake haupumziki.

"Masanja, nipe tyubu ya baiskeli iliyochoka."

"Mura," akaniita kama wanavyoitana vijana wa Kikurya, "ya nini? Kompyuta imepata pancha?"

"Nataka kuning'iniza diski."

Akaacha kazi. Akawageukia wateja wake. "Jamani, jirani yangu anaenda kuinyonga kompyuta. Mtu aite mchungaji."

Nikamwacha acheke. Nikachukua tyubu, na nikamwomba jambo moja: kwaya ikifika, azime kompresa yake mpaka nimpe ishara. Akakubali. (Na hili lishikeni.)

Kazi nikaifanya kama daktari. Kwanza nikanakili nyimbo za watu zote kwenye diski nyingine, maana fundi anayechezea diski bila kunakili hana tofauti na mwizi. Nikachomoa umeme. Nikafungua skrubu nne, nikaitoa diski. Juu kabisa kulikuwa na chombo cha kusomea sidii (nani bado analeta sidii?), nikaking'oa, ikabaki nafasi pana. Nikaikata tyubu vipande virefu, nikavikaza kwa kupishanisha kama kitanda cha kamba, na diski nikailaza katikati. Haigusi bati juu, haigusi chini, haigusi pembeni, na hewa inapita. Waya zake nikaziacha zilegee, maana waya uliokaza nao unasafirisha mtetemo. Nikafunga. Nikawasha.

Kimya.

Ndugu zangu, kimya! Kioo kinawaka, kazi zangu zote zipo, na sauti hakuna. Niliweza kusikia saa yangu ya mkononi. Nikacheza peke yangu mle ndani, hatua tatu kulia, tatu kushoto, na kitambi kikifuata baadaye.

Saa nne wakafika. Watu kumi na sita, sare za bluu, wakajaa kwenye mabenchi ya barazani. Mbele yao mwenyekiti wa kwaya, Mama Ghati, bibi wa wajukuu wengi na ndiye anayeanzisha nyimbo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nyuki wako hawajambo?"

Kwaya nzima ikacheka. Nikajibu kwa utulivu wa mtu mwenye siri. "Mama, nyuki wamehama."

Wambura hakucheka. "Mzee Marwa, hatuimbi hata neno. Rekodi kwanza chumba kitupu. Nataka nisikie ukimya wako."

Ukimya wangu! Nikajisikia kama mtu aliyeombwa kuonyesha ng'ombe wake. Nikampungia Masanja, kompresa ikazimwa. Nikaingia studio, nikazima taa ya chumbani (nayo huwa inavuma), nikabonyeza kitufe chekundu, nikatoka nikinyata na kufunga mlango. Tukakaa barazani. Mke wangu akaleta chai na viazi vitamu. Mimi nikaanza kuwasimulia akina mama jinsi mambo yanavyofanyika Nairobi. Nilisimulia vizuri sana. Dakika zikapita, kama kumi na tano hivi.

Nikarudi ndani peke yangu kwenda kusimamisha.

Kioo kilikuwa cheusi.

Nikasimama. Ile taa ndogo ya mbele ya sipiyu ilikufa zamani na sikuwahi kuitengeneza, kwa sababu masikio yangu ndiyo yalikuwa taa. Miaka sita nimejua mashine ni nzima kwa sababu inavuma! Nikainama, nikaweka sikio kwenye bati. Kimya. Nikaweka kiganja. Hakuna kinachotetemeka. Damu ikanishuka mpaka kwenye soksi. Nikajua tyubu imekatika, diski imeanguka, kila kitu kimeungua, na watu kumi na sita wako nje wanakula viazi vyangu.

(Kugusa mausi? Na nyie mna maswali kama Wambura.)

Nikapiga magoti. Yaliyofuata ni kati yangu na mashine tu. Ndivyo nilivyodhani.

Baada ya muda nikajifuta uso, nikavaa sura ya kiume, nikatoka barazani.

"Jamani, samahani sana. Umeme umekatika."

Sasa Masanja, kule kwake, akaniona nimetoka. Akadhani ndiyo ishara. Akawasha kompresa. Tututututututu!

Mama Ghati akaitazama kompresa. Akanitazama mimi. "Umeme umekatika. Na ile inakula ugali?"

Kabla sijapata jibu, Wambura alishaingia ndani. Nikamkimbilia. Nikamkuta amesimama mbele ya meza, kidole kimoja kwenye mausi, kioo kinang'aa. Kilikuwa kimelala tu! Na ile alama nyekundu ilikuwa palepale, namba zinakimbia.

"Mzee Marwa. Hii inarekodi."

"Inarekodi?"

"Haijawahi kusimama."

Ndugu zangu, furaha niliyoipata! Haikufa! Ilikuwa hai, ila imenyamaza mpaka mimi mwenyewe, baba yake, nikaikalia matanga. Nilifurahi kiasi kwamba sikukumbuka kitu kingine chochote. Hata nilipomsikia Wambura akisema, "Ngoja nisimamishe, tusikilize wote kwenye spika kubwa," mimi nikasema, "Wote! Iteni wote!" Na spika kubwa nikaigeuza mwenyewe, kwa mikono yangu, ikaelekea mlangoni. Masanja nikampigia kelele azime kompresa aje naye asikie. Akaja, na wateja wake wawili.

Wambura akacheza ile rekodi.

Hakuna kitu. Akafumba macho. Akaongeza sauti. Hakuna kitu. Akaongeza tena. Watu wamejaa mlangoni, wanatazamana, hakuna anayethubutu kukohoa. Wambura akaisukuma sauti mpaka mwisho kabisa, pale ambapo wiki iliyopita nyuki wangetoboa ukuta.

"Hakuna nyuki," akasema taratibu. "Hata mmoja."

Akairusha mbele, dakika ya tano. Kimya. Dakika ya kumi. Kimya. Mimi kifua kinapanda kama mkate. Akaenda mbele zaidi, sauti bado iko mwisho kabisa.

Kwiiiiiii.

Mlango wangu. Halafu viatu vyangu. Halafu magoti ya mtu mzima mwenye kitambi yakikunjwa: kwa! kwa!

Na hapo ndipo nikakumbuka.

"MAMA YANGU WEE, NIMEUA!" Sauti yangu ikatoka kwenye spika, ikavuka baraza, ikavuka barabara. Muuza nyanya wa ng'ambo akasimama.

Nikaruka kuelekea kwenye meza. Mama Ghati akanizibia njia kwa mkono, na Mama Ghati si mtu wa kusukumwa. "Kaa hapo. Tumeambiwa tusikilize wote."

Spika ikaendelea kunitoa: "Amka, mama, amka. Shiiii. Shiiii. Simama hapo. Usininyime leo."

Kwa msiofuga nieleze. Ng'ombe akikunyima maziwa humpigi. Unampapasa ubavu, unamwita kwa upole, unamwimbia, mpaka alegee ashushe. Ndivyo nilivyolelewa. Na ukimtia mtu hofu, anarudi kwenye kile alicholelewa nacho. Nilikuwa naibembeleza kompyuta kama ng'ombe wa baba yangu. Unasikika kabisa mkono wangu ukipapasa bati: shwaa, shwaa.

Masanja alishakaa chini. Hana pumzi.

Halafu nikaimba. Wimbo wa kukamulia, kwa Kikurya, beti mbili, kwa ile sauti nyembamba anayopenda ng'ombe. Waimbaji wa sauti ya nne walikuwa wameshikana mabega wasianguke.

Ningekuwa nimeishia hapo ningewashukuru mababu. Sikuishia hapo.

"Mungu wangu, hawa watu niliwaambia nimesomea Nairobi. Wewe unajua. Nilikuwa Sirari nabeba magunia. Nairobi nimeiona kwenye kalenda. Niokoe leo tu. Nitaenda kanisani kila Jumapili, nitakaa mbele kabisa, hata Mama Ghati akiimba kama mbuzi aliyenasa kwenye waya, nitavumilia."

Wambura akasimamisha.

Ule ukimya uliofuata, jamani, ulikuwa bora kuliko wa diski yangu.

Mama Ghati akanigeukia polepole. "Mbuzi aliyenasa wapi?"

Nikainama, nikajifanya nafunga kamba za viatu.

Lakini Wambura hakuwa pamoja nasi. Yule kijana alikuwa amekunja uso, kichwa kimeinama upande. Akarudisha nyuma kidogo, akacheza tena, pale kabla ya neno "Mungu".

"Mmesikia?"

"Tumesikia mbuzi," akasema Mama Ghati.

"Hapana, mama. Hapa. Amemeza mate." Akacheza tena. Glup. "Mtu amemeza mate, na nimesikia yakishuka. Hakuna kingine chini yake. Studio zote nilizopita sijapata hiki kitu." Akanitazama kwa macho ambayo hajawahi kunitazama nayo. "Mzee Marwa, umefanyaje? Na usiniambie Nairobi."

Sikuwa na cha kuficha tena, nilishavuliwa mpaka shati la ndani. Nikachukua bisibisi, nikalifungua bati la pembeni, nikawaonyesha. Nikawaambia ukweli wote: kiganja changu, litungu, mama yangu kule Nyanungu, kibuyu, boriti.

Mama Ghati akasukuma watu, akainama. Akatazama diski yangu ilivyolala kwenye utepe wa tyubu.

"Umeifunga kama kibuyu?"

"Ndiyo, mama."

"Mama yangu alifunga hivi hivi." Kisha akanyoosha kidole. "Upande huu umelegea. Kibuyu kikilala upande, siagi haitoki. Zima hiyo kitu."

Nikazima. Akakunja mikono ya sare, akafungua fundo langu mbele ya kwaya nzima, akalifunga upya kwa fundo ambalo sijaliona tangu utotoni. Diski ikakaa sawa kabisa. (Lilikuwa limelegea kweli. Kidogo sana. Sana.)

"Sasa nitaimba," akasema akijifuta mikono. "Lakini wewe utasimama pale mbele yangu, macho kwa macho, mpaka mbuzi amalize."

Nikasimama. Masanja akakataa kuondoka, akaketi kwenye ndoo mlangoni, hata kompresa akaisahau.

Akaimba. Na hapa niseme ukweli hata kama hamkuniuliza: yule mama haimbi kama mbuzi. Sauti yake imenyooka kama uzi wa litungu uliokazwa vizuri. Wiki nzima nimesikiliza rekodi zake na kumcheka, kumbe ile mitetemo ya mbuzi ilikuwa diski yangu! Mbuzi alikuwa wa kwangu! Nikamwambia hivyo hivyo mbele ya watu wote, nikamwomba radhi. Akasema amenisamehe, na kwamba kesho Jumapili kiti cha mbele kabisa kina jina langu, maana ahadi imerekodiwa.

Wamerudia nyimbo zote tatu na kuongeza mbili. Wambura amesema kwaya zote anazozijua atazileta mlango wa kijani. Tarime mjini watamsikia tu kwenye redio. Na kwa wale mnaoniuliza kuhusu Nairobi, mimi ni mhitimu wa kibuyu, Nyanungu, na sihitaji cheti.

Tatizo ni moja. Wakati napiga picha na kwaya, Masanja alibaki na kompyuta yangu. Ile rekodi sasa ndiyo mlio wa simu yake, na najua imeshafika kwenye magrupu yenu yote. Sawa, chekeni. Lakini kabla hujacheka, vaa hedifoni, ongeza sauti mpaka mwisho, nisikilize navyolia pale chini kwa magoti yangu mawili, kisha uje uniambie kwa kinywa chako: umesikia nyuki hata mmoja?